Fundi Aliyekataa Kilemba

Fundi wangu alikuwa akilamba vyuma. Naanza na hilo makusudi, maana nikilichelewesha mtu atanikatiza katikati ya maneno aniulize, "Si yule aliyekuwa akilamba nondo?" Haya, ndiye huyo huyo. Lori likishusha nondo uwanjani, kabla nyapara hajafika na kabla dereva hajapewa maji ya kunywa, Fundi alikuwa ameshainama, ametoa ulimi, anaonja chuma kama mpishi anavyoonja mchuzi. Halafu husimama, hutema mate pembeni, hutoa hukumu. "Hii imenyeshewa mvua tu, isugueni." Ama, "Hii imelala ufukweni, ina chumvi. Ioshwe kwa maji ya kisima, isuguliwe, ioshwe tena."

Chumvi ndiyo adui mkubwa aliyekuwa naye duniani. Alisema chumvi ikizikwa pamoja na chuma ndani ya zege, chuma huvimba humo humo taratibu, na baada ya miaka zege hupasuka lenyewe, watu wakasema ni jini. Kwa ajili ya ulimi wake hakutafuna tambuu, hakuvuta sigara, na kahawa aliinywa baada ya kazi tu. Waliomcheka walikuwa wengi. Mimi mwenyewe nilimcheka siku ya kwanza nilipomwona, tena kwa sauti, ndoo ya maji ikiwa kichwani.

Na alikosea pia, jamani, nisimfanye walii. Siku moja alionja shehena nzima akasema imejaa chumvi, tukaosha na kusugua mpaka viganja vikachubuka. Jioni dereva akatueleza kwamba jana yake lori lile lilikuwa limebeba papa mkavu. Watu walianguka chini kwa kicheko. Fundi hakucheka wala hakukubali. "Chumvi ya papa si chumvi?" akauliza, akavaa kanzu yake, akaenda zake nyumbani.

Alizaliwa wapi, baba yake nani, sikuuliza, na waliouliza walijibiwa kila mmoja jibu lake. Wengine walisema ametoka visiwani kaskazini, na kweli alipokasirika macho yakawa "mato" na maneno yakawa ya huko. Mimi nilimjua akiwa Fundi, na hivyo ndivyo nilivyomwita miaka yote. Miaka yenyewe ni ile ya themanini, hoteli zilipokuwa zikichipuka kutoka Malindi hadi Watamu, na kila aliyekuwa na mikono miwili alikwenda kupanga foleni ya kibarua asubuhi.

Alikuja kazini amevaa kanzu na kofia, akavivua nyuma ya stoo ya simenti, akavaa suruali iliyokuwa na viraka juu ya viraka. Jioni alijisugua mikono kwa ndimu ili kutu itoke, akavaa tena kanzu, na mtu aliyekutana naye njiani angedhani ametoka msikitini kufundisha. Alinukia ndimu na chuma. Mpaka leo nikikata ndimu jikoni, namkumbuka kabla sijakumbuka samaki.

Alipenda kujisifu, hilo nalo niseme. "Ghorofa zote hizo unazoziona," alikuwa akimwambia mgeni yeyote, hata aliyekuja kuuliza njia ya kwenda posta, "ndani yake mna mkono wangu." Kisha jioni anarudi kulala kwenye nyumba ya udongo na makuti. Hakukubali kulala chini ya slabu, yaani dari ya zege, hata usiku mmoja. Mwanawe alipanga chumba katika nyumba ya ghorofa akamkaribisha kwa siku ya Idi, mzee akala pilau, akashukuru, akaenda kulala baraza ya jirani. Nilimuuliza, "Fundi, wewe umezifunga nyumba hizi kwa mikono yako, unaogopa nini?"

"Zangu siogopi," akasema. "Ile si yangu."

"Na zako mbona hulali?"

Akanitazama. "Wewe Mama Kadzo, maswali yako yangekuwa mabiskuti tungemaliza jengo."

Mabiskuti ndivyo tulivyoviita vile vipande vidogo vya zege vinavyowekwa chini ya nondo ili zisilale kwenye mbao. Na Mama Kadzo ni mimi. Nimezaliwa Jilore, Mgiriama, nimesoma shule ya msingi nikaishia hapo, na ubishi nimezaliwa nao. Wakati huo mume wangu alikuwa Mombasa, akija akipenda. Nilikuwa na Kadzo na mdogo wake nyumbani kwa mama, nami nikabeba maji ya kuchanganyia zege, mimi na wanawake wenzangu, ndoo kichwani tangu jua linachomoza.

Sasa watu huniuliza, uliingiaje katika kazi ya vyuma, wewe mwanamke? Wanadhani niliomba. Kwa Fundi hukuomba. Waliomwomba aliwaambia, "Nafasi ikitokea," na nafasi haikutokea katu. Yeye ndiye aliyechagua, na alichagua kwa kupita pita akitazama mikono ya watu walipokuwa wakifanya jambo lingine. Mmoja alimchukua kwa jinsi alivyofunga mzigo wa kuni kwenye baiskeli. Mwingine kwa jinsi alivyotandua nyuzi za mshipi wa kuvulia zilizosokotana, bila kukata hata mmoja wala kutukana.

Mimi ilikuwa ndoo. Mkono wa ndoo yangu ulikatika, nikaokota vipande vya waya vilivyotupwa chini, nikaufunga. Fundi akapita, akasimama, akaiokota ndoo.

"Nani kafunga hapa?"

Nilijua nimeshikwa na waya wa watu. "Mimi, lakini niliokota chini, Mungu shahidi."

"Sikukuuliza umetoa wapi. Fungua."

Nikafungua. Akaniambia nifunge tena. Nikafunga, wenzangu wamesimama wananitazama kama walio msibani. Akauvuta kwa nguvu, akautikisa, akauliza nimejifunza wapi fundo lile. Nikamwambia sijajifunza popote, nimeshona makuti tangu ningali mtoto, na kuti lisipokazwa vizuri mvua inaingia. Akarudisha ndoo. "Kesho usibebe maji," akasema. Nililia njia nzima kwenda nyumbani, nikidhani nimefukuzwa kazi.

Kesho yake akanipa rundo la waya wa kufungia na kipande cha ubao chenye alama, akaniambia nikate vipande vyote viwe sawasawa na alama ile. Nilikata waya mpaka nikauota. Baadaye nikafinyanga mabiskuti. Baadaye nikapewa brashi ya waya ya kusugulia kutu. Baadaye ringi, yaani zile pete za mraba zinazozungushwa nguzo, ambazo hukunjwa kwenye benchi lenye misumari minene, na ringi ikipinda kidogo tu nguzo nzima inakaa upande. Kukunja nondo kubwa kulikuja mwisho kabisa, pamoja na kusoma ramani. Kila hatua hakuniambia imekwisha. Nilifika asubuhi nikakuta kifaa kingine kimewekwa pale ninapokaa, nikajua nimesogea.

Neno lake moja alilirudia mpaka nikamsikia akilisema ndotoni: "Kaza, usinyonge." Waya ukiuzungusha kwa koleo na kuacha mapema, nondo zinacheza. Ukizidisha, waya unakatika, umepoteza kazi na waya wenyewe. Palikuwa na nusu mzunguko hivi kati ya kukaza na kunyonga, na nusu hiyo haielezeki. Alinishika mkono, akazungusha, akasema, "Hapo." Kisha akasema tena hapo, na hapo, mpaka siku moja akaacha kusema.

Maneno ya watu yalikuwepo, hayakosi. Mzee wa kanzu na mwanamke wa Jilore wanashinda pamoja juu ya mbao, wanafanya nini? Mkewe akaja uwanjani kujionea mwenyewe, amejifunga buibui lake barabara, uso hauna mzaha. Akanikuta nimechuchumaa, kutu mpaka kwenye nyusi, pua inatiririka kwa vumbi la simenti. Akanitazama weee, kisha akacheka mpaka akajishika kiuno. "Ndiye huyu?" akasema. Tangu siku ile akawa ananiletea mahamri, na akanifanya mwanawe.

Nimeyaeleza yote hayo ili mtu aelewe jambo lililonisumbua kichwa miaka kadhaa, nalo ni kilemba.

Kwetu pwani, mtu akisomea kazi ya mikono kwa fundi, iwe useremala, uashi au ushonaji, siku akihitimu humpelekea fundi wake kilemba. Ni kitambaa cheupe kizuri, pamoja na chochote mkono utakachopata, halua, kahawa. Fundi akikipokea akajifunga, basi umetoka mkononi mwake, wewe nawe ni fundi. Asipokipokea, hata ukijenga kasri, ungali mwanafunzi. Fundi wangu alishika ada hiyo kwa meno. Neno lenyewe "fundi" hakumwita mtu mpaka yeye mwenyewe awe amejifunga kilemba cha mtu huyo. Walio chini yake aliwaita kwa majina yao tu.

Mara ya kwanza nilimpelekea baada ya hoteli ya pili ya Watamu, nilipokwisha kukunja, kufunga na kusoma ramani peke yangu. Nilikiweka kitambaa kwenye sinia, nikaongeza halua na buni ya kahawa. Nikapiga magoti nikamwambia, "Shikamoo, Fundi. Nimekuletea kilemba chako."

"Marahaba." Akakifunua kitambaa, akakipapasa, akakikunja vizuri kufuata mikunjo yake, akanirudishia. "Bado, Mama Kadzo." Halua aliila. Aliila yote, akamwambia mkewe atie kahawa.

Nilirudi nyumbani na kitambaa changu. Nikakitia sandukuni na vidonge vya kufukuza nondo wale wadudu, nikasema sawa, huenda mafundo yangu yana kasoro. Nikakaza kamba. Ikaja ngazi ya kuzunguka, ile inayopanda kama gamba la konokono, ambayo mafundi wazima huikimbia. Nikaifunga peke yangu, tangu chini hadi juu. Nikamwita aikague kabla haijamwagwa zege. Alipanda akashuka, akavuta fundo hili, akatikisa lile, akainama akapima kwa kidole nafasi kati ya nondo na mbao. Hakupata kitu. Nilimwona anatafuta, na nikamwona hakupata.

"Je, Fundi?"

"Ngazi nzuri."

"Basi nilete kilemba?"

"Bado."

Nikaanza kuchunguza kama askari. Nikafikiri, labda ni dini, mimi si Mwislamu, nitamvishaje mzee kilemba? Dhana hiyo haikukaa muda. Palikuwa na kijana wa Dabaso aliyeingia nyuma yangu, Mkristo wa kwenda kanisani na gita lake mgongoni. Mafundo yake yalikuwa ya wastani, mengine nilikuwa nikiyarudia mimi akienda kula. Kijana huyo akaleta kilemba chake, Fundi akakipokea, akajifunga pale pale, akamwambia mbele ya watu, "Haya fundi, Mungu akufungulie." Wiki iliyofuata yule kijana akaenda kutafuta kazi yake mwenyewe, akaipata.

Siku ile niliumia, siwezi kusema uongo. Niliketi nyuma ya stoo ya simenti nikalia kwa hasira, nikaapa nitarudi kubeba maji. Maana kama si mafundo, na si dini, limebaki nini? Limebaki kwamba mimi ni mwanamke, na mzee anaona haya kuvaa kilemba cha mwanamke. Basi alinifundisha ya nini? Alinitoa kwenye ndoo ya nini?

Nikamwendea mkewe. "Mama, niambie ukweli. Anaona haya?"

Bibi akaacha kukuna nazi. "Mimi mwenyewe nimemuuliza," akasema. "Nimemwambia, mzee, huyu mtoto amekukosea nini? Akaniambia nitazame chungu changu."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi naona chungu changu kinaungua," akasema, akacheka, akanipa mbuzi ya nazi nimalizie mimi.

Kisha likaja jambo la roshani. Ilikuwa hoteli ya hapo hapo Malindi, roshani imetokeza nje bila nguzo chini yake. Roshani ya namna hiyo nondo zake kubwa hukaa juu, karibu na uso wa zege, kwa maana uzito ukiivuta chini, upande wa juu ndio unaotanuka na kupasuka. Zikikaa chini, roshani inaanguka siku watu wakipanda kutazama bahari. Nilizifunga mimi, nikaziinua kwa viti, yaani vile vyuma vifupi vilivyokunjwa miguu ya kusimamia, nikawaambia maseremala wasiondoe mbao za kupitia. Fundi siku hiyo alikuwa upande mwingine wa jengo.

Zege likaanza kuletwa. Maseremala wakahitaji mbao kwingine, wakaziondoa. Wanawake wa karai, wenzangu wale wale, wakawa wanapita juu ya nondo zangu miguu mitupu, karai la zege kichwani, kila mmoja anakanyaga, viti vinainama, nondo zinashuka. Nilipopanda na kuona, nikapiga ukelele kazi isimame. Nyapara akaja mbio.

"Nani kafunga hivi vyuma?"

Wote walinigeukia mimi. Jibu nilikuwa nalo tayari ulimini: mimi nimefunga, zilikuwa sawa, mbao zimeondolewa na fulani, tuinue tuendelee. Nikafungua mdomo.

"Mimi," ikasema sauti nyuma yangu. Fundi huyo, amepanda ngazi akihema.

Nyapara akasema, "Mzee, wewe hukuwa hapa. Ni huyu mwanamke wako."

"Mkono wake ni mkono wangu. Una neno, sema na mimi."

Na kweli nyapara akasema, maneno mengi, mengine si ya kumwambia mzee wa rika lile mbele ya vijana. Fundi akayapokea yote, mikono nyuma. Kisha tukatoa zege lililokwisha kumwagwa, tukainua nondo, tukarudisha viti na mbao, kazi ikaenda. Roshani ile ipo mpaka leo.

Mimi nilichemka. Jioni nilimfuata akiwa anajisugua ndimu. "Fundi, kwa nini umenijibia? Kosa halikuwa langu wala lako, nami nilikuwa na maneno yangu."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Ukitaka kujibu mwenyewe, subiri," akasema, akajimwagia maji mikononi.

Nikabaki nimesimama na hilo neno. Subiri nini? Kwa hiyo kumbe palikuwa na kitu anachokingoja? Hasira ikapungua, udadisi ukazidi, na udadisi kwangu ni ugonjwa mbaya zaidi. Nikawa namtazama kila nyapara mpya akija. Nikagundua jambo ambalo nilikuwa nalo mbele ya macho miaka yote. Hakuna nyapara aliyelijua jina langu. Walisema, "Fundi, njoo na yule mwanamke wako," au, "Mkono wa Fundi yuko wapi?" Hata mimi nilizoea. Mtu akiniuliza wewe nani, nilisema, "Mimi mkono wa Fundi," na mlango ukafunguka.

Halafu macho yake yakaanza kumwacha. Ukungu uliingia jicho moja, kisha la pili. Kwa muda alifanya kazi kwa vidole na ulimi, mimi nikimwambia ramani inasema nini, mpaka siku moja alipokanyaga hewa akaponea kwenye jukwaa la mbao. Siku hiyo hakungoja kuambiwa. Alijisugua ndimu, akavaa kanzu, akampa mlinzi ile suruali ya viraka. Hakurudi tena.

Nikapata vibarua viwili vitatu kwa jina lake, baadaye vikakauka. Nyapara mmoja aliniuliza, "Fundi wako hayupo, sasa wewe uje kama nani?" Nikarudi kushona makuti. Niliezeka upya nyumba ya Fundi, bure, kwa mapenzi, naye akaketi barazani akisikiliza ninavyokaza kila kuti. Sikutaja kilemba. Nilikuwa na aibu kukitaja kwa mtu asiyeona, ingekuwa kama namdai.

Asubuhi moja akaja mgeni nyumbani kwangu, nyapara wa jengo la ghorofa linaloanza Kilifi. Nilikuwa nimekaa chini na makuti yangu.

"Namtafuta Mama Kadzo," akasema. "Fundi wa vyuma. Niliiona ngazi ya kuzunguka kule Watamu kabla haijamwagwa zege, nikauliza ni ya nani, wakanitajia wewe. Imenichukua muda kukupata."

Nami, mdomo huu usio na akili, ukajibu kwa mazoea: "Mimi ni mkono wa Fundi."

Akanishangaa. "Sikuja kutafuta mkono," akasema. "Wewe ni fundi au si fundi? Kama siye, nirudi zangu."

Nikamwambia anipe hadi kesho. Nilivaa leso yangu nikaenda mbio kwa Fundi, sikupumzika njiani.

Nilimkuta amekaa juu ya kitanda cha kamba, kuku wawili watatu wakizunguka mlangoni. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Kadzo. Unahema. Nani kafa?"

Nikamweleza. Alisikiliza ameinamisha kichwa upande, kama alivyokuwa akisikiliza nondo ikigongwa.

"Aliniulizia mimi?"

"Hapana, Fundi. Hakukutaja."

"Alikutaja wewe vipi? Yule mwanamke? Mkono wa nani?"

"Kwa jina. Alisema, namtafuta Mama Kadzo, fundi wa vyuma."

"Alisema hivyo?"

"Wallahi, kama nilivyokwambia."

Mzee akavuta pumzi ndefu, akapiga paja lake kwa kiganja. "Ewe mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Yule wa Dabaso nilimwachia kwa sababu popote angekwenda angeambiwa ingia. Wewe ningekuachia, ungekwenda wapi? Wangekwambia chukua ndoo. Na likitokea jambo, wangemgeuzia nani macho? Nikasema, huyu nitajibu kwa ajili yake, mpaka aje mtu amtake yeye mwenyewe. Nilidhani nitakufa kabla hajaja."

"Mbona hukuniambia? Miaka yote hiyo nilidhani unanionea haya!" Nilikuwa nalia, na nilikuwa na hasira, vyote kwa pamoja. "Ungeniambia tu!"

"Ningekwambia, ungekubali kungoja? Wewe, kwa ubishi wako?"

Angejibiwa nini.

"Haya, kilemba changu kiko wapi?" akasema. "Au umeshakifanya nepi?"

Nilirudi nyumbani nikakitoa sandukuni. Hakukuwa na halua, hakukuwa na buni, nilichukua kitambaa peke yake. Alikinusa akakunja uso kwa harufu ya vidonge, akajifunga kwa kupapasa, mzunguko baada ya mzunguko, na mkewe akatoka jikoni akasimama mlangoni. Kilikaa upande. Nikanyoosha mkono nikiweke sawa, akanipiga kofi dogo. "Acha. Nakijua."

Kisha akanishika mkono, ule wa koleo, akavigusa vidole kimoja kimoja penye sugu. "Kuanzia leo," akasema, "ukikosea, umekosea wewe. Mimi sitajibu tena. Umesikia?"

"Nimesikia."

Katika maisha yangu nimeambiwa mengi mazuri, na mume wangu alikuwa na ulimi mtamu alipotaka. Sijaambiwa jambo lililonifurahisha kuliko hilo. Nikainuka, nikafuta uso kwa leso, nikamuaga. Yeye alikuwa ameshageuka kulala upande wake, kilemba bado kichwani.

"Haya fundi," akasema, "ukitoka rudisha mlango. Kuku wanaingia."